Mkono Wangu na Basi la Dawa

Mimi ni mtu ambaye hata nikiagiza kahawa hutoa hotuba. Mke wangu Jeannine anasema siku nilipomposa alisinzia katikati, akazinduka nilipofika kwenye swali lenyewe. Watu wa Tanner Falls, mji wetu mdogo upande wa kusini wa mpaka wa Kanada, wananijua hivyo tangu utoto, na bado walinichagua mjumbe wa baraza la mji, wakarudia tena na tena. Nadhani walitaka kunitafutia mahali pa kusemea ili kwingine wapumzike. Kwenye baraza tuko watatu. Mmoja wetu ana sikio moja bovu, na kwenye vikao huchagua kiti kitakachonielekezea hilo hilo.

Kisa hiki kilianzia jikoni kwa dada yangu Fernande. Ni mkubwa wangu, mjane wa marehemu Bolduc, na ndiye mpishi mkuu wa chakula cha mkutano wa mji. Kila Machi, theluji ikiwa bado magotini, mji mzima hukusanyika ukumbini na kupiga kura kwa mikono juu ya kila kitu, tangu daraja hadi ada ya mbwa. Saa sita tunakula maharage yaliyookwa usiku kucha pamoja na pai za tufaha za Fernande. Kuna watu, nisiwataje, wanaofuata pai tu, na demokrasia huwakuta papo hapo mezani.

Siku moja ya Februari niliingia kwake bila kubisha hodi, kama kawaida yangu, nikamkuta mbele ya ubao wa kukatia, ameshika kale kakisu kake ka pai. Nikadhani anakata tufaha. Kumbe anakata kidonge.

"Nini hiyo?" nikamuuliza.

"Dawa ya moyo."

"Mbona unaikata?"

"Nusu leo, nusu kesho. Kwani wewe shuleni hawakukufundisha kugawanya?"

"Daktari ndiye aliyesema hivyo?"

"Daktari hanilipii mafuta ya kupasha nyumba joto, Lucien. Kaa hapo ule pai."

Nilikaa lakini sikula, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Wiki chache kabla ya hapo Fernande alianguka kwenye ngazi za kanisa, akamwambia kila mtu ameteleza kwenye barafu. Ngazi zile nilikuwa nimezimwagia chumvi mwenyewe asubuhi, hazikuwa na barafu hata ya kumtelezesha panya. Sasa nikaelewa. Wazazi wetu wamekwisha kufa, ndugu wengine wametawanyika, na mtu pekee aliyebaki duniani wa kuniita mtoto ni huyu.

Nikatoa pesa. Akazirudisha kwenye mfuko wa koti langu, akanifunga kinywa na kipande cha pai. Nikamwambia, basi twende Kanada. Kila mtu Tanner Falls alijua kwamba ukivuka mpaka, saa tatu kwa gari, kidonge kile kile, kwenye kopo lile lile, kinauzwa chini ya nusu ya bei ya kwetu. Sheria ilikataza, ni kweli, lakini askari wa mpakani walikuwa wakifumba macho kwa mtu aliyebeba dawa yake mwenyewe.

"Nivuke mpaka na wewe kama wezi wa kuku?" akasema Fernande. "Askari akikuuliza jina, wewe utamhutubia. Tutalala ndani wote wawili."

"Sasa unataka nini, dada? Ufe?"

"Sitaki sadaka. Mji ukienda, nitaenda na mji. La mji ni la wote, halina aibu."

Hayo ndiyo aliyosema. Masikio yangu yakayasikia hivi: Lucien, mwokoe dada yako, na ukiwa njiani upate umaarufu. Sehemu ya pili niliiongeza mwenyewe.

Nikaandika hoja. Mji utoe basi la shule pamoja na dizeli yake, mara moja kila miezi mitatu, limpeleke Kanada kila anayehitaji dawa. Kule kulikuwa na daktari aliyekubali kuwapima watu na kuwaandikia upya. Hakuna zaidi. Lakini Merle Gilpatrick, msimamizi wa barabara zetu na wa magari ya kuondolea theluji, ni mtu anayeilinda dizeli kama aliizaa yeye. Akanikamata nje ya posta.

"Na theluji je, Lucien? Nayo tutaipakia kwenye basi tuipeleke Kanada?"

"Ni safari chache tu kwa mwaka, Merle."

"Chache zako nazijua. Hata hotuba zako huwa unasema ni neno moja tu."

Hoja ilipangwa kuwa ya kwanza asubuhi, wakati watu wana akili na miguu. Ningeiacha pale pale, nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia. Lakini nilisikia kwamba mpiga picha wa gazeti kutoka Bangor atafika mchana. Nikamfuata mwenyekiti wa mkutano, Thurlow Pinkham, mzee mrefu mkavu mwenye tai ileile kila mwaka, nikamwomba aisogeze hoja yangu mpaka baada ya chakula.

"Wazee huchoka mchana," Thurlow akanionya.

"Nitawaamsha," nikasema.

Kila mwaka Thurlow hufungua mkutano kwa kutusomea kanuni moja, neno kwa neno. Jambo likishaamuliwa halifunguliwi tena, isipokuwa kama mkutano haujavunjwa, na anayeomba lifunguliwe ni mtu aliyepiga kura upande ulioshinda. Aliyeshindwa anyamaze, akanung'unikie nyumbani. Kila mwaka hapo mimi humnong'oneza Jeannine kwamba Thurlow ataisoma hata siku ya mazishi yake mwenyewe, na kila mwaka Jeannine hunipiga kiwiko. Mwaka ule nilinong'ona, nikapigwa kiwiko, na mambo yakaendelea vizuri mpaka saa sita.

Tulikula. Theluji ikaanza kuanguka nje. Wazee wakaanza kutazama madirisha, kisha saa, kisha makoti yao. Mpiga picha akaingia, binti mmoja mwenye buti kubwa na kamera mbili shingoni. Thurlow akagonga nyundo, na mimi nikasimama.

Nilianza na mababu zetu walivyoshuka kutoka Quebec kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha ngozi. Nikapitia vita vikuu viwili. Nilipofika kwenye mafuriko makubwa nikagundua kuwa safu yote ya nyuma imelala na maharage yanaendelea na kazi yake. Pale nikahitaji kitu cha kuwashtua, na kilichokuwa karibu kabisa na ulimi wangu hakikuwa changu.

"Dada yangu mwenyewe!" nikapaza sauti, nikanyoosha kidole kwenye dirisha la jiko la ukumbi, lile la kupitishia chakula, ambapo Fernande alikuwa akifuta sahani. "Fernande Bolduc, ambaye pai zake ziko matumboni mwenu sasa hivi, anakata vidonge vyake vya moyo nusu kwa nusu kwa kukosa pesa!"

Wakaamka wote. Kamera ikamulika.

Fernande hakukasirika. Ningeshukuru kama angekasirika, maana hasira zake nimezizoea. Alinitazama kidogo tu, kama mtu anayetazama kiti alichokiamini kikavunjika. Akalishusha lile dirisha la jiko taratibu mpaka likafunga. Tukasikia masufuria. Kisha mlango wa jikoni ukafunguka, wakapita katikati ya ukumbi Fernande na wanawake wote wa jikoni, makoti yamefungwa mpaka shingoni, wamekumbatia masufuria na sahani za pai. Nyuma yao wakafuata wake za wazee wengine, na nyuma ya wake wakafuata waume, kwa sababu mwanamume wa Tanner Falls hajui kwenda nyumbani peke yake.

Yaani waliokuwa wakilihitaji basi walitoka wote, na mimi ndiye niliyewafungulia mlango. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, ila wangu uliponza kichwa cha mwenzangu. Nilijiona mdogo kama punje. Lakini hotuba ilikuwa bado na kurasa, kwa hiyo nikaendelea.

Nilipomaliza, Merle alisimama na kusema sentensi moja. "Bwana Mwenyekiti, napendekeza hoja hii iwekwe kando."

Kwetu kuweka kando ni kuzika kwa heshima. Haikataliwi, hakuna anayeonekana mbaya, ila hutaiona tena. Najua jambo hilo tangu nilipoanza kunyoa ndevu. Lakini binti wa kamera alikuwa amenisogelea, akanong'ona, "Mzee, kura ikipigwa nyoosha mkono juu kabisa, na kidevu ukiinue, nipate picha nzuri."

Kwa hiyo mimi nilikuwa nikifikiria kidevu.

"Wanaoafiki," Thurlow akasema, "mikono juu."

Nikaunyoosha mkono kama mnara wa kanisa. Kidevu nikakipandisha. Kamera ikamulika. Nikahisi Jeannine ananivuta koti, nikadhani anajivunia mumewe.

"Shusha huo mkono, mjinga wee!" akanizomea kwa sauti ya chini. "Wanaizika!"

Nikaushusha. Thurlow alikwisha kuuhesabu.

"Hoja imewekwa kando," akatangaza, na Thurlow ambaye hacheki hata akitekenywa akaongeza, "Tunamshukuru Bwana Theriault kwa uungwana wake."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Merle alinijia na kunishika mkono, ule ule ulioponza.

"Asante, Lucien. Kusema kweli sikuitegemea kura yako."

Jambo lililofuata lilikuwa ada ya mbwa. Mbwa huchukua muda mrefu kuliko bajeti nzima ya shule, kwa sababu kila mwaka kuna mbwa wa mtu aliyekula kuku wa mtu, na mwaka ule mwenye mbwa alikuwa amemleta mshtakiwa mwenyewe ukumbini ili watu waone uso wake wa upole. Nilikaa masikio yakiwaka. Sikuwaza aibu yangu, au niseme ukweli, niliiwaza kwanza, halafu nikaiacha. Nilimwaza Fernande kwenye ngazi za kanisa. Mji haukwenda. Kwa hiyo naye asingekwenda, na ile nusu kidonge ingeendelea kuwa nusu mpaka siku ambayo angeanguka mahali pasipo na mtu.

Na hapo sauti kavu ya Thurlow ikanirudia kichwani. Mtu aliyepiga kura upande ulioshinda.

"Jeannine," nikanong'ona. "Kati ya watu wote wanaolitaka basi, ni nani aliyepiga kura na walioshinda?"

Akanitazama. Akafumba macho, akayafumbua.

"Ni wewe tu, Mungu atusaidie," akasema. "Miaka yote hii ya ndoa, leo ndiyo mara ya kwanza ujinga wako unapata kazi ya kufanya."

"Lakini wapiga kura wetu wote watakuwa kwa Fernande."

"Basi nenda ukamwangukie. Mbwa bado wana saa nzima. Na Lucien..." Akanishika kola. "Maneno machache."

Nikaendesha kwenye theluji huku nikiandaa hotuba ya kuomba radhi. Ilikuwa nzuri sana. Ilikuwa na mama yetu ndani yake, na mto tuliokuwa tukichezea, na kuku fulani tuliyemzika pamoja tukiwa wadogo.

Jiko la Fernande lilikuwa limejaa. Wanawake walikuwa wakiosha sahani, waume zao wamejibanza ukutani wakimalizia pai iliyobaki. Nilipoingia vijiko vikasimama.

"Nani huyo?" Fernande akauliza bila kugeuka, ingawa dirisha lake linatazama njia nzima.

"Ni mimi, dada."

"Mimi sina mdogo. Nilikuwa na mmoja, akageuka gazeti."

Mzee mmoja akacheka na pai mdomoni, mkewe akamfinya. Nikavua kofia. Nikafungua kinywa kumtoa mama na mto na yule kuku, na hakikutoka kitu. Nilimwona Fernande mgongoni, mabega yake yalivyopungua ndani ya sweta, na ile hotuba yote ikanikimbia.

"Nimekosa, dada," nikasema. "Basi."

Akageuka. "Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu."

"Wewe unaumwa?"

"Hapana."

Akajifuta mikono, akanichunguza kama anayenunua samaki. "Na basi?"

"Limezikwa."

"Kwa sababu tuliondoka."

"Kwa sababu hiyo. Na nyingine."

"Nyingine ipi?"

Sikuwa na njia. Nikawaeleza kuhusu mkono na kidevu, na kwamba kwa kanuni ya Thurlow mkono huo huo ungeweza kulifukua basi. Fernande akashika ukingo wa beseni na kuanza kucheka, na jiko zima likafuata. Alicheka mpaka machozi. Alicheka mpaka akainama. Halafu nikaona hacheki tena, kainama tu, mkono mmoja kifuani, na midomo yake imekuwa na rangi ya unga.

Tukamkalisha. Nilipiga magoti kwenye sakafu yake iliyolowa, nikamshika mkono, ulikuwa wa baridi.

"Acheni kunitazama hivyo, sijafa," akasema baadaye kidogo, akihema.

"Nusu ya leo umekunywa?"

"Nusu ya leo iliangukia chini ya jiko jana usiku. Sikuweza kuinama kuitafuta."

"Basi kunywa kingine!"

"Nikinywa cha kesho, kesho nitakunywa nini?"

Jirani yake mmoja hakungoja mabishano. Akafungua kabati, akatoa kopo, akamtilia kidonge mkononi, akamsimamia mpaka akameza. Tukangoja. Rangi ikarudi taratibu. Nikamwambia twende hospitali, akasema hospitali anaijua, itampa kitanda kisha bili, na kwamba ana kura ya kupiga.

"Lakini kwanza wewe," akaniambia, kidole usoni. "Utasimama useme ulivyopiga kura, wote wasikie. Mimi umenivua nguo mbele ya mji mzima. Na wewe uvue hata soksi."

"Kanuni yenyewe inanilazimisha niseme, dada."

"Vizuri. Thurlow ana akili kuliko nilivyodhani. Haya, makoti!"

Tulirudi kwa msafara, magari yakifuatana polepole kwenye theluji kama mazishi yaliyobadili mawazo. Ukumbini mbwa bado walikuwa wanajadiliwa. Wazee wakaingia wakikung'uta buti, wakakaa kwenye viti vyao, na Merle akaanza kuhesabu vichwa kwa macho. Mbwa walipokwisha, nikasimama.

"Bwana Mwenyekiti."

Mguno ukapita ukumbini kote.

"Ni fupi," nikasema. "Naomba hoja ya basi ifunguliwe upya."

Merle akaruka. "Hana ruhusa! Huyu ndiye mwenye hoja iliyoshindwa! Kanuni ni kanuni!"

Thurlow alivua miwani, akaifuta kwa ile tai yake, akaivaa tena. Alijua kila kitu. Alitaka tu nikiseme kwa kinywa changu.

"Bwana Theriault, kwenye kura ile, ulikuwa upande ulioshinda?"

"Ndiyo."

"Wa nyuma hawakusikia."

"Nilikuwa upande ulioshinda!" nikasema. "Niliizika hoja yangu mwenyewe kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nikitazama kamera."

Walicheka mpaka yule mbwa mshtakiwa akaanza kubweka. Nilisimama pale na kicheko kikanipita, na la kushangaza, hakikuuma kama nilivyotazamia. Nilitazama upande mmoja tu. Fernande alikuwa amekaa, mikono juu ya mkoba, hacheki, lakini aliitikia kidogo kwa kichwa kama anayesema, hiyo ilikuwa soksi.

"Mwombaji anaruhusiwa," Thurlow akasema. "Kuna atakayesemea hoja?"

Nikafungua kinywa. Jeannine akanikalisha kwa koti. Fernande alikuwa amekwisha kusimama.

Dada yangu alikuwa hajawahi kusema neno kwenye mkutano ule maishani mwake, isipokuwa kutangaza chakula kipo tayari. Alifungua mkoba, akatoa kile kisu kidogo chenye mpini uliochakaa, akakiinua wote wakione.

"Alichosema mdogo wangu ni kweli, ila hakikuwa chake kukisema," akaanza. "Nakata. Kwa kisu hiki hiki nilichowakatia pai. Asubuhi nakata kidonge, nakifuta, nakata pai. Nyinyi mnaniambia, Fernande, pai yako tamu, kata kubwa. Nami nawakatia kubwa." Akavuta pumzi. "Mimi siombi mnikatie kubwa. Nataka basi tu, nikae ndani yake na wenzangu, nilipe dawa yangu kwa pesa yangu. Na nani mwingine anayekata humu ndani? Nisiwe peke yangu kama mwizi."

Kisha mzee mmoja, mkulima wa viazi mwenye mabega ya fahali, akanyoosha mkono huku akitazama buti zake. Mwalimu mstaafu wa hesabu akanyoosha. Mikono ikapanda hapa na pale, mingine ya watu ambao wake zao waligeuka kuwatazama kwa mshangao. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tulikuwa mji mzima wa waficha maradhi tuliokaa bega kwa bega tukila maharage.

Kura ikapigwa, hoja ikapita. Merle hakuafiki wala hakukataa, alikaa tu anakuna shingo. Mwishowe akanyoosha mkono kuuliza.

"Na basi lenyewe nani ataliendesha?"

"Naweza kulien..." nikaanza.

"Huyu hapana!" akasema Merle. "Huyu akihutubia na usukani mkononi mtajikuta Meksiko. Nitaendesha mimi. Dizeli ni yangu."

Alhamisi gazeti likatoka. Picha ilikuwa nzuri kweli, mkono juu, kidevu juu. Chini yake waliandika kwamba mjumbe wa baraza ameongoza upinzani dhidi ya basi la dawa. Jeannine ameibandika kwenye friji mpaka leo, na wageni hawapewi chai kabla ya kuiona.

Tuliondoka msimu wa matope, theluji ilipoyeyuka. Basi la shule lina viti vya watoto, kwa hiyo wazee wa Tanner Falls walivuka kwenda Kanada magoti yakiwa kidevuni, wakiimba nyimbo za Kifaransa za bibi zetu, Merle akifoka kwamba hasikii injini. Mpakani askari alipanda basi, akauliza tunakwenda kufanya nini. Nikainuka kumweleza.

"Kaa chini, Lucien!" basi zima likasema.

Nikakaa. Askari akatazama vichwa vyetu vyeupe, akashuka.

Daktari wa upande wa pili alikuwa mwanamke mfupi mwenye haraka. Aliwapima wote mmoja mmoja, akawaandikia. Fernande alipotoka, daktari akachungulia mlangoni.

"Na wewe, mzee?"

"Mimi ni kiongozi wa msafara tu," nikasema. "Sijawahi kumeza kidonge maishani."

"Sikukuuliza hilo. Ingia."

Akanifunga kile kitambaa mkononi, akapampu. Akatazama kipimo. Akapampu tena. Akamwita mwenzake aje atazame.

"Huwa huumwi na kichwa?" akaniuliza.

"Huwa wanaumwa wengine, nikianza kuzungumza."

Hakucheka. Akaniambia presha yangu ni ya kumwangusha farasi, na kwamba anashangaa nilivyopanda ngazi zake kwa miguu yangu. Nilimwona Fernande kwenye korido, amesikia kila neno. Naye hakucheka, na ndipo nikaogopa.

Kwa hiyo kiongozi wa msafara alitoka kwenye duka la dawa na mfuko wa karatasi kama wenzake. Tulikaa mimi na dada yangu kwenye benchi nje, tukingoja wengine, na chupa ya chai katikati yetu. Nikafungua kopo langu. Nikamwaga kidonge kimoja kiganjani. Ile presha ni mpya tu, nikawaza, haijanizoea, na kidonge ni kikubwa. Mtu akianza na nusu atakuwa na akiba mpaka Krismasi. Nikatoa kisu changu cha mfukoni.

Fernande alinipokonya kabla sijakifungua.

"Kizima, Lucien."

"Ni cha kwanza tu, dada, nilitaka nione kwanza kama..."

"Kizima."

Akaweka kisu changu kwenye mkoba wake, pale kilipokuwa chake. Akafungua kopo lake mwenyewe, akatoa kidonge, akakilaza kiganjani. Alikitazama muda mrefu, akikigeuza kwa kidole.

"Sikumbuki kama kilikuwa kikubwa hivi," akasema.

Akakimeza kwa chai. Akanipa kikombe. Nilikuwa na la kusema, lakini bado nilikuwa nameza.